Mageuzi Hayaishii Namanga



Tarehe 7 Julai ina uzito wake katika sehemu hii ya dunia. Siku hiyo mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Siku hiyo mwaka 1990 Wakenya walielekea uwanja wa Kamukunji kudai mfumo wa vyama vingi, ilhali Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini, nao wakapokewa kwa virungu na risasi. Na siku iyo hiyo mwaka 2000 Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika, baada ya kutiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Marais Daniel arap Moi, Benjamin Mkapa na Yoweri Museveni. Wengi wetu tunaijua Saba Saba ya Kamukunji kwa moyo. Wachache tunaikumbuka ile ya Arusha, na huko kusahau kumetugharimu sana.

Tunasema wazi tangu mwanzo. Jumuiya inayotegemea hiari ya marais peke yao huwa dhaifu mbele ya mataifa makubwa, na huwa kali mbele ya raia wake yenyewe. Udhaifu huo na ukali huo vina mzizi mmoja. Kwa hiyo mpenda mageuzi anayedhani kwamba kazi yake inaishia Namanga, Busia au Lunga Lunga amejenga nusu ya nyumba, na mvua imekwisha kuanza kunyesha.

SOMO LA 1977

Tarehe 5 Juni 1963 Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zingeungana kuwa shirikisho kabla ya mwaka ule kwisha. Mwaka ukaisha, shirikisho lisionekane. Mwaka 1967 ilipatikana Jumuiya, kwa mkataba uliotiwa saini Kampala. Mali yake haikuwa haba: shirika moja la ndege, shirika moja la reli, shirika moja la bandari, shirika moja la posta na simu. Mfanyakazi wa reli aliyezaliwa Kisumu aliweza kuhamishiwa Tabora au Tororo, akaishi huko na watoto wake, asionekane mgeni.

Lakini juu ya yote hayo walikaa watu watatu. Mamlaka ya juu kabisa ya Jumuiya ilikuwa ya marais watatu. Idi Amin alipompindua Obote tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi meza moja naye, wala hatumlaumu kwa kukataa kuketi na muuaji. Tazameni hata hivyo matokeo yake. Marais hawakukutana tena, na Jumuiya ya mamilioni ya watu ikakaa bila kichwa kwa miaka sita. Manung'uniko ya Tanzania na Uganda kwamba faida zilikuwa zikirundikana Kenya, kwenye viwanda vingi, hayakupata baraza la kuyasikiliza. Mwaka 1977 shirika la ndege lilikufa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mapatano ya kugawana mali na madeni hayakutiwa saini hadi Mei 1984.

Ni nani aliyelipa? Hakuna rais aliyekosa mshahara wake hata mwezi mmoja. Waliolipa ni wafanyabiashara wa mipakani, ni jamaa waliotenganishwa na mpaka, ni wafanyakazi wa reli, bandari na posta waliotawanywa kama makapi. Nchini Tanzania baadhi ya wafanyakazi hao walikuwa wangali wakidai haki zao mahakamani katika miaka ya 2000, wakiwa wamezeeka, na wenzao wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Mkataba wa 1999 wenyewe unakiri kosa hilo. Katika utangulizi wake unazitaja sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza: kukosekana kwa nia thabiti ya kisiasa, kutoshirikishwa ipasavyo kwa sekta binafsi na mashirika ya raia, na mgawanyo wa faida usio sawa. Ndiyo maana Kifungu cha 7 kimeweka kuwa ushirikiano huu utawalenga watu. Ndiyo maana Kifungu cha 6 kimezifunga serikali kwa utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Madai hayo hayakubuniwa na wapinzani wala wanaharakati. Ni maneno ambayo marais watatu waliyatia saini kwa mikono yao.

Kisha, katika Mkataba uo huo, maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi yakaachwa kuwa ya mwafaka tu, yaani akikataa mmoja, hakuna uamuzi. Kiti kile kile cha 1967 kilipakwa rangi mpya.

MBELE YA MATAIFA MAKUBWA

Hatuna nia ya kuidharau Jumuiya. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, na Soko la Pamoja Julai 2010. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho. Malaba, Busia na Namanga lori hukaguliwa mahali pamoja, na dereva hapangi tena foleni mara mbili. Kutoka wanachama watatu tumekuwa wanane: Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Mwenye duka la Busia anayajua manufaa hayo kuliko mwandishi yeyote wa hotuba.

Lakini nguvu ya umoja hupimwa siku ya kutishwa. Utandawazi umeyaleta mataifa makubwa na makampuni makubwa hadi mlangoni mwetu, nayo hayaji kubembeleza. Na tupime basi, kwa mifano miwili.

Mwezi wa Machi 2016 marais wetu waliazimia kupunguza nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua hadi vikome mwaka 2019, ili viwanda vya nguo na wakulima wa pamba wapumue. Wakenya wanazijua habari za viwanda hivyo. KICOMI ya Kisumu ilizimika. Rivatex ya Eldoret ilianguka, ikaja kufufuliwa baadaye na Chuo Kikuu cha Moi. Basi mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Walitaka nchi zitakazozuia bidhaa zao zinyimwe manufaa ya AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia soko la Marekani bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo za kuuza huko, ilijitoa kwanza. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikabaki imesimama peke yake, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia manufaa ya nguo. Azimio la marais halikutimiza hata miaka mitatu.

Hapa pana jambo la kutafakari kwa haki. Mama anayeuza mitumba Gikomba ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa. Kumfungia biashara kabla ya kiwanda kusimama kungekuwa dhuluma. Mkulima wa pamba naye ana shamba lililogeuka kichaka kwa kukosa mnunuzi. Ni nani aliyewaita wawili hao meza moja na kuwauliza mpito huo uwe wa miaka mingapi, na gharama yake ibebwe na nani? Azimio lilipitishwa bila wao, na likatupwa bila wao. Jambo lisilo na wenyewe mashinani halina mtetezi siku tishio linapobisha hodi, maana rais mmoja aliye peke yake chumbani na balozi wa taifa kubwa ni mtu mmoja tu.

Mfano wa pili ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati yetu na Umoja wa Ulaya. Nchi zetu zilijadiliana na Ulaya kama kundi moja kwa miaka mingi. Lakini Kenya haimo katika hesabu ya nchi maskini kabisa, na wenzake wa wakati ule walikuwamo. Wao, mkataba uwepo au usiwepo, waliweza kuuza Ulaya bila ushuru, Kenya haikuweza. Ulaya iliijua nyufa hiyo na ikaingiza kabari. Tarehe 1 Oktoba 2014 maua na mboga za Kenya zilianza kutozwa ushuru, na katikati ya mwezi huo huo majadiliano yakahitimishwa. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Tanzania ilikataa, ikisema viwanda vyake vichanga vingefagiliwa na bidhaa za Ulaya. Februari 2021 marais wakaruhusu kila nchi iliyo tayari iendelee na safari yake. Kenya ikaenda peke yake: ikatia saini Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Tazameni picha hiyo. Ng'ambo moja ya meza kuna mataifa 27 ya Ulaya yakizungumza kwa kinywa kimoja. Ng'ambo ya pili kuna Kenya.

Hatusemi kwamba Tanzania ilikosea kukataa. Wala hatusemi mfanyakazi wa maua wa Naivasha aachwe bila kazi ili kulinda heshima ya Jumuiya. Tunasema kwamba Jumuiya iliyo hai ingebeba tofauti hiyo kama familia inavyobeba mzigo wa mmoja wao. Ingemfidia anayeumia kwa ajili ya wenzake. Ingeyaleta masharti ya mkataba ule hadharani, yakasomwa na kujadiliwa na wakulima na wafanyakazi wa nchi zote kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kalamu kushikwa. Badala yake kila serikali ilikwenda kwa hesabu yake, na hesabu za majirani zikagongana.

Na wakati tukigawanywa na wageni, tumekuwa tukiumizana wenyewe kwa wenyewe. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji waliotoka Kenya, na vifaranga 6,400 vilivyovushwa Namanga vikachomwa moto. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna Februari 2019, na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Julai 2025 Tanzania iliwapiga wageni marufuku kufanya biashara ndogondogo za aina mbalimbali, na Mkenya aliye na kibanda cha kutuma pesa akahesabiwa mgeni sawa na mtu aliyetoka bara jingine. Kila serikali ilikuwa na sababu yake, na sumukuvu ni hatari ya kweli. Lakini katika kila tukio mkulima, mfugaji na mchuuzi walipata habari wakati lori lilipokwisha kusimamishwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

MAHAKAMA ILIPOTHUBUTU

Anayetaka kujua kwa nini mambo yako hivyo, na aisome kesi moja. Kesi hiyo ilianzia kwetu.

Mwaka 2006 ulikuwa ufike wakati wa Kenya kupeleka wajumbe tisa katika Bunge la Afrika Mashariki. Kifungu cha 50 cha Mkataba kinataka wajumbe hao wachaguliwe na Bunge la nchi yao. Uchaguzi haukufanywa. Majina yalipangwa na vyama, yakapita katika kamati, yakawasilishwa, na ikawa basi. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakapeleka malalamiko katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 27 Novemba 2006 Mahakama ikatoa amri ya kuwazuia wale tisa wasitambuliwe wala kuapishwa mpaka kesi isikilizwe.

Kumbukeni ni serikali gani iliyokuwa madarakani Nairobi. Ni ile iliyoingia Desemba 2002 kwa kura za wanamageuzi, kwa sala za waumini, na kwa jasho la vijana waliokesha wakilinda masanduku. Je, serikali hiyo ilirudi Bungeni ikafanye uchaguzi ilioukwepa? La. Iliungana na wenzake kuubadilisha Mkataba. Tarehe 14 Desemba 2006, siku 17 tu baada ya amri ile, marekebisho yalikuwa yamekwisha kutiwa saini. Mahakama iligawanywa ngazi mbili, ziliongezwa sababu za kumsimamisha na kumwondoa jaji, na mwananchi akawekewa kikomo cha miezi miwili cha kufungua kesi.

Ngazi ya rufani ni jambo jema katika mahakama yoyote. Ubaya uko katika saa na shabaha yake. Serikali zilizoshindwa kwa miaka mingi kuafikiana juu ya mahindi na vifaranga ziliweza kuafikiana kwa siku 17 mahakama ilipompa mwananchi sikio.

Majaji hawakurudi nyuma. Tarehe 30 Machi 2007 waliamua kwamba Bunge la Kenya halikufanya uchaguzi kama Mkataba unavyotaka. Na Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilipoyapinga marekebisho yale, Mahakama ilisema mwaka 2008 kwamba kuyafanya bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka misingi ya Mkataba. Lakini haikuyafuta. Kikomo cha miezi miwili kikabaki.

Hata kwa mlango huo mwembamba wananchi wamepita. Mwaka 2007 Mahakama iliihukumu Uganda kwa kitendo cha askari wenye silaha kuzingira Mahakama Kuu ya Kampala mnamo Novemba 2005 na kuwakamata tena washtakiwa waliokuwa wamepewa dhamana. Mwaka 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza Serengeti, kwa kesi iliyofunguliwa na shirika lenye makao yake Nairobi. Mwaka 2015 iliona kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya magazeti ya Burundi vinakiuka Mkataba. Mwaka 2019 ilisema hivyo hivyo juu ya sheria ya vyombo vya habari ya Tanzania. Haya yote yamefanywa na mahakama ambayo haikupewa mamlaka kamili ya haki za binadamu. Kifungu cha 27 kiliahidi kwamba mamlaka hayo yangekuja kwa itifaki ya baadaye. Robo karne imepita, na itifaki hiyo haijaonekana.

UMOJA WA PINGU

Upo ushirikiano mmoja ambao haukungoja itifaki yoyote.

Julai 2024 wafuasi 36 wa chama cha FDC cha Uganda walikamatwa Kisumu walikokwenda kwa mafunzo, wakavushwa mpaka, na kushtakiwa ugaidi nchini mwao. Tarehe 16 Novemba 2024 Dakta Kizza Besigye alitekwa Nairobi. Siku nne baadaye alionekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hapakuwa na hakimu wa Kenya aliyesikiliza ombi la kumrudisha kwao, kama sheria inavyotaka. Januari 2025 Maria Sarungi-Tsehai, mtetezi wa haki kutoka Tanzania, alitekwa Nairobi mchana, akaachiliwa baada ya saa kadhaa.

Mwezi wa Mei 2025 Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, na Dakta Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu, walizuiwa Dar es Salaam na kurudishwa. Kosa lao lilikuwa kutaka kuketi mahakamani na kuisikiliza kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Siku hizo hizo Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa huko huko, wakatupwa mipakani siku chache baadaye, nao wakaeleza mateso ambayo kalamu yetu inaona haya kuyaandika. Julai mwaka huo walipeleka malalamiko yao Arusha. Oktoba 2025 wanaharakati wawili wa Kenya walichukuliwa Uganda, wakafichwa zaidi ya mwezi mmoja, na Rais Museveni mwenyewe akasema baadaye kwamba walikuwa mikononi mwa serikali yake. Mwishoni mwa mwezi huo huo Tanzania ilifanya uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani kilikuwa kimezuiwa kushiriki. Intaneti ilizimwa, na damu ya raia ikamwagika.

Wala Kenya isijione safi. Sisi tulizika vijana wetu baada ya Juni 2024, na tulihesabu waliotekwa na kupotea katika miezi iliyofuata.

Ndugu, linganisheni. Lori la mahindi huzuiwa mpakani kwa ukosefu wa hati moja. Mtu aliyefungwa kitambaa usoni huvushwa usiku bila hati yoyote. Mfugaji wa Kajiado akifuata malisho ng'ambo ya pili hunadiwa ng'ombe zake. Watekaji wakifuata mtu ng'ambo ya pili hawaulizwi hata jina. Soko la Pamoja tuliloahidiwa linachechemea, na soko la pamoja la pingu limestawi. Serikali zinazojua kwamba hazitaulizwa na raia wao hazina haja ya umoja wenye nguvu mbele ya dunia. Zinahitaji umoja wa kulindana.

"MSIINGILIE MAMBO YA NDANI"

Tutajibiwa. Tutaambiwa kwamba kila nchi ina mamlaka yake, na kwamba mwanaharakati wa Nairobi hana la kusema juu ya kesi ya Dar es Salaam. Hoja hiyo ilisikika Kenya katika miaka ya 1990, maaskofu na mapadri walipoambiwa wahubiri tu na waiache siasa. Tunajibu kwamba serikali hizi zenyewe ndizo zilizoyafanya mambo haya kuwa ya pamoja, siku zilipotia saini Kifungu cha 6. Nchi haiwezi kudai soko la jirani kwa Mkataba, kisha ikamfungia jirani mlango anapotaja haki kwa Mkataba uo huo. Kifungu cha 146 kinaruhusu hata kuisimamisha nchi inayovunja misingi ya Jumuiya. Hatujaona nchi iliyosimamishwa.

Tutaambiwa pia kwamba mkate huja kwanza, na demokrasia baadaye. Tumekwisha kuonyesha kwamba mkate wenyewe ulipotea kwa sababu mkulima, mshonaji na mchuuzi hawakuwa na kiti mezani. Asiyeulizwa kabla ya azimio hawezi kulilinda baada yake.

Na wapo wenzetu watakaosema, kwa uchovu, kwamba kazi ya nyumbani inatosha. Uchovu huo tunauelewa. Lakini mkimbizi wa Kampala anayetekwa Nairobi ni kazi ya nyumbani. Na siku Mkenya atakapolazimika kukimbia, kama wengi walivyokimbilia Tanzania na Uganda katika miaka ya 1980, atahitaji mlango ambao leo sisi tunauacha uvunjwe.

Makanisa yana ushuhuda wao katika jambo hili. AMECEA, chombo cha maaskofu wa Kikatoliki wa nchi za Afrika Mashariki, kilianzishwa mwaka 1961. Jumuiya ya 1967 ilizaliwa ikiwa nyuma yake na ikafa mbele yake, nacho hakikuvunjika mpaka ulipofungwa. Vyuo vikuu navyo viliendelea na baraza lao. Vilivyodumu vilikuwa na watu wenye sababu yao wenyewe ya kukutana, hata marais walipokuwa hawasemezani.

TUNADAI

Kwanza, wajumbe wa Bunge la Afrika Mashariki wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Mjumbe aliyepangwa na vyama hutumikia vyama.

Pili, Mahakama ya Afrika Mashariki ipewe mamlaka kamili ya haki za binadamu yaliyoahidiwa, na kikomo cha miezi miwili kiondolewe. Mtu aliyefichwa gizani kwa mwezi mmoja hawezi kuhesabiwa siku.

Tatu, mtu yeyote asivushwe mpaka bila amri ya mahakama iliyosikilizwa hadharani. Bunge la Kenya lichunguze mateko ya Kisumu na Nairobi, na lichapishe majina ya waliotoa amri.

Nne, mkataba wowote wa biashara na mataifa ya nje uchapishwe kwa Kiswahili na kujadiliwa na wananchi kabla ya kutiwa saini. Kiswahili kimepitishwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya tangu Februari 2021. Basi kitumike mahali pesa zetu zinapoamuliwa, kisiishie kwenye nyimbo na sherehe.

Tano, nchi moja isiweze kuyafunga mambo yote kwa kukataa peke yake, na uwekwe mfuko wa kumfidia anayeumia ili wote wasimame pamoja.

Madai haya hayatatimizwa kwa sababu tumeyaandika. Kifungu cha 2A hakikuondolewa Desemba 1991 kwa sababu kilikuwa kibaya. Kilikuwa kibaya tangu 1982. Kiliondolewa kwa sababu kukibakiza kulikuwa kumegeuka ghali kuliko kukiondoa. Kwa hiyo tunawaomba yafuatayo. Kila kikundi cha haki na kila parokia ipate nakala ya Mkataba, na Kifungu cha 6, cha 7 na cha 30 visomwe na kufafanuliwa kwa lugha ya nyumbani. Kifungu cha 30 kinampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kwenda Arusha. Wanasheria walio miongoni mwetu waweke zamu, ili mtu akitekwa, miezi miwili isipite bila karatasi kufika mahakamani. Makanisa ya mipakani, kutoka Taveta hadi Busia, yaandike majina ya wanaovushwa na siku waliyovushwa. Na kila mmoja wetu amwandikie mjumbe wetu wa Arusha na kumwuliza alisema nini siku Besigye alipochukuliwa. Tukipata jibu, tulisome hadharani. Tusipopata, tuutangaze ukimya wake kanisani, sokoni na mtaani, kwa jina lake, hadi atakaporudi kwa wanachama wa chama chake kuomba kiti tena.